Punje Alizofukia Bibi Damari

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, niliamini kwamba kitu kikifukiwa karibu na nyumba ya watu, kimefukiwa kwa ajili ya mtu. Sikumbuki nani alinifundisha. Tulilelewa nalo tu, na sisi watoto tukiona udongo uliochimbuliwa karibuni tuliuruka huku tumeshika matumbo yetu.

Mwaka huo tulihamia kijiji cha ujamaa, si mbali na Mtinko. Kihenge chetu cha kuwekea nafaka kilibaki kwenye mji wa zamani, maana hakibebeki. Mahindi tuliyatia kwenye magunia, yakapanda lori, na mvua ikatukuta njiani. Nyumba mpya ilikuwa kuta tupu, kwa hiyo magunia yalikaa juu ya udongo. Baada ya wiki chache, ukiingiza mkono ndani ya gunia ulisikia joto, na harufu ilikuwa kama ya nguo iliyosahaulika majini. Mama aliyaosha, akayaanika, yakawa meupe tena. Tukayala.

Kisha mdogo wangu Juma, aliyekuwa na miaka miwili, akaanza kuumwa tumbo. Alichokula kilitoka. Tumbo lilivimba, miguu ikakonda. Mama alimbeba mgongoni hata akienda kuchota maji, kana kwamba akimweka chini hatamkuta tena.

Nyumba ya pili alipangiwa Bibi Damari, Mgogo kutoka upande wa Manyoni. Alikuja kijijini peke yake, hana mume wala mtoto, na kwa wengi hilo tu lilitosha kumwangalia vibaya. Asubuhi moja aliingia uani kwetu, akaketi bila kukaribishwa, akauvuta ungo wa mama na kuanza kuchambua. Alitoa punje za kijani, nyeusi na zilizosinyaa, akazifunga kwenye maganda ya hindi na kuondoka nazo. Kesho yake akaja tena. Nilimsikia akimwambia mama kwa sauti ya chini, "Mwanangu, haya yana ugonjwa."

"Tutakula nini, mama?" mama akamjibu.

Bibi hakubisha. Aliendelea kuchambua tu, kila siku.

Mimi ndiye niliyemfuata. Ilikuwa mchana, jua kali, watu wako shambani. Alikwenda nyuma ya nyumba yetu penye ua wa minyaa, akachimba kwa kijembe kilichokatika mpini, akafukia kile kifurushi, akakanyaga udongo vizuri. Nilikimbia hadi kwa shangazi, dada yake baba.

"Nilisema mimi!" shangazi akapiga makofi. "Mtu anachagua punje za watu moja moja, halafu anaondoka nazo. Anazipeleka wapi, shuleni?"

Baba, aliporudi kutoka shambani na kuelezwa, alisita. "Lakini wiki hii mtoto ana nafuu kidogo."

"Ndiyo hivyo sasa! Anamfunga, anamfungua. Anatuonyesha kwamba kamba anayo yeye."

Akaitwa balozi wa nyumba kumi. Wakachimba mbele ya watu, vikatoka vifurushi saba vimefungwa vizuri, na wanawake wakarudi nyuma wakiwavuta watoto wao.

"Shikamoo, mama," balozi alisema, kwa sababu hata siku ile ilibidi amwamkie. "Hivi ni vyako?"

"Marahaba. Ni vyangu."

"Umefukia nini kwenye mji wa watu?"

"Uozo. Kuku wakila watakufa, na nyie mtakula kuku hao."

"Mbona hukutupa jalalani?" shangazi akadakia.

"Jalalani kuku hawafiki?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Bibi Damari akamgeukia mama. "Nilimwambia huyu mwanangu. Mwulizeni."

Wote wakamtazama mama. Juma alikuwa mgongoni kwake, amelala. Mama akainama, akaangalia miguu yake mwenyewe. Angesema ndiyo, angekuwa amekiri mbele ya mumewe na wifi yake kwamba alijua, na bado akampikia mtoto. Hakusema chochote. Nami nilikuwa nimeyasikia maneno yao kwa masikio yangu, lakini sikufungua mdomo.

Bibi akahamishiwa mwisho wa kijiji na kukatazwa kugusa chakula cha mtu. Vifurushi vikachomwa. Siku chache tu baadaye tumbo la Juma likaharibika upya, kuliko mwanzo. "Kaacha kamba imekaza," shangazi alisema.

Siku moja baba alipokwenda shambani, mama alimlaza Juma kivulini, akachukua ungo, akaniita. "Kaa hapa. Nawe una macho." Tukachambua pamoja. Tulipomaliza alizifunga punje mbovu kwenye maganda ya hindi, akaenda nyuma penye minyaa, akafukia pale pale. Aliporudi alinifuta vumbi usoni. "Usimwambie baba yako."

Safari hii sikumwambia mtu.

Tulikuwa tunachambua hivyo siku nyingine Bibi Damari alipopita na mtungi wake kichwani. Mama akauinamia ungo kwa aibu. Bibi akasimama, akatazama ungoni. "Na zilizosinyaa, mwanangu. Usizionee huruma hizo." Akaenda zake.

Juma alipona polepole. Ni mfupi hadi leo, lakini yupo. Bibi Damari alifariki kabla sijamaliza darasa la saba, na mama alikuwa mmoja wa wanawake wawili waliokwenda kuuosha mwili wake. Alirudi jioni, akaosha mikono yake muda mrefu. Kijiji hakikuwahi kuambiwa ukweli.

Majuzi, kliniki, nesi alituambia kwamba ukungu wa mahindi huacha sumu isiyoondoka kwa kuosha wala kwa kupika, na kwamba huumiza utumbo wa mtoto hadi chakula kipite bila kumjenga. Wenzangu walishangaa. Mimi niliangalia miguu yangu, kama mama siku ile.

Nyumbani nachambua kila punje, na mbovu nazifukia. Jana binti yangu aliniuliza nani alinifundisha kufanya hivyo. Shangazi, mzee sasa, alikuwa ameketi mlangoni.

"Bibi Damari," nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika mlangoni. Kisha nikamweleza yote, tangu nilipomfuata hadi penye minyaa.