Mfumaji Aliyefumua Sweta la Baba Mkwe

Hii utasema imetungwa. Mwanamke kashusha sweta la marehemu baba mkwe wake kwenye kamba, kakaa chini, kaanza kulifumua. Mama mkwe yuko bafuni anaoga, hana habari. Na mpaka leo hao wawili wanakula sahani moja! Subiri, twende polepole.

Saa mbili asubuhi, Mama Nyuzi amekaa mlangoni kwake, sindano zinagongana, anamhoji mteja kama polisi. Kijana anataka skafu ya mchumba wake.

"Rangi gani?"

"Pinki."

"Kasema yeye?"

"Si wanawake wote wanapenda pinki, mama?"

"Basi tafuta wa kuwafumia wote. Mimi namfumia mmoja."

Kijana anacheka kwa aibu. Anatumwa akaangalie mchumba wake ana nguo gani iliyochakaa kuliko zote.

"Kinachopendwa ndicho kinachochakaa," anasema Mama Nyuzi.

Riziki yake ni masweta ya shule, yote rangi moja, mpaka anayaota. Ila zawadi hafumi hovyo. Somo alilipata nyumbani.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alihamia kwa Mama Nyuzi na mumewe. Mama Nyuzi akajituma: mtandio wa zambarau wenye maua, foronya, kofia. Kila kimoja mama alikipokea kwa mikono miwili, "Ahsante mwanangu, kizuri mno," kisha huyoo, sandukuni. Eti cha wageni. Wageni gani, hakuna ajuaye.

Yeye kutwa na sweta la kahawia la mzee. Mikono inaning'inia, inaogelea kwenye mchuzi. Siku moja ikashika moto jikoni, ikazimwa kwa maji ya kuoshea vyombo. Mwanawe akamwambia alivue. Mama akajibu kwa upole kwamba basi atahamia kwa bintiye, asisumbue watu.

"Nililia," anasema Mama Nyuzi. "Zambarau naipenda mimi. Maua nayapenda mimi. Yeye anamtaka mzee wake."

Sweta lilipofuliwa na kuanikwa, ndipo akalishusha. Mumewe akamkuta mkono mmoja umeshakuwa donge la uzi.

"Mke wangu, leo utalala kwenu," akasema, akaenda dukani kununua kitu ambacho hakukinunua.

Mama mkwe akatoka bafuni. "Sweta la mzee liko wapi?"

"Hili hapa, mama. Nalifupisha mikono, likukae vizuri. Uzi ni uleule, wangu sijatia hata kidogo."

Mama akalichukua donge, akalipima kiganjani.

"Miaka yote nilimwambia mzee hii mikono aikate, akakataa katakata. Wewe umemshinda hata hujamuuliza." Akavuta kigoda. "Uzi utakaobaki usiutupe. Nifundishe."

Safari ya kwa binti ikafa hapo hapo. Siku hizi wanafuma wawili mlangoni, ingawa soksi ya kwanza ya mama ingemfaa mtu mwenye vidole saba.

"Namshukuru Mungu, namshukuru na yeye," anasema Mama Nyuzi. "Angeweza kunifungia moyo wake. Akavuta kigoda."

Sasa wanatafuta kibanda cha kupanga kando ya barabara, cha zawadi tu. Mama mkwe ndiye atakayepokea wateja. "Mkwe wangu ana huruma," anasema, "mimi nitawauliza vizuri."

Haya, wewe unayesoma: sindano unazo, sweta la marehemu liko kambani, mwenyewe anaoga. Ungelishusha?