Hatua za Baba

"Basi mwambie baba achechemee," dada yake Kizibo alisema, ameegemea kreti tupu za bia. "Si ndicho unachotaka? Mwambie."

Kizibo alikuwa akifuta kaunta aliyokwisha kuifuta mara tatu. Jina hilo alipewa na wanywaji, kwa ufupi wake na kwa kuwaziba midomo walevi wote. Leo mdomo ulioziba ni wake.

Chanzo ni sheria. Pombe isiuzwe chini ya hatua mia mbili kutoka lango la shule. Hatua za nani, haikusema. Za twiga au za kuku, shauri yako. Muuzaji mmoja alimtembeza bibi harusi mwenye gauni la kubana, akapata leseni mbili.

Kizibo hakuwa na bibi harusi. Alikuwa na baba yake, mwashi mstaafu, goti limevimba kama boga, anajikokota na fimbo. Akamwambia eti daktari anataka ahesabu hatua kila asubuhi, kutoka lango la shule hadi dukani kwa binti. Mzee akahesabu: mia mbili na kumi na mbili. Akaweka dole gumba kwenye karatasi, akidhani inakwenda hospitali. Ofisi ya leseni haikuuliza mara mbili, maana miaka arobaini ya ujenzi hakuna aliyewahi kurudia kipimo cha mzee yule.

Sasa mwalimu mkuu kalalamika, na barua imekuja: bwana leseni anafika leo saa nne, mzee ahesabu mbele yake, la sivyo watachukua hatua. Wanywaji walicheka hadi wakamwaga. Watachukua zipi, na za mzee binti keshazichukua?

Ila miezi minane ya kutembea ilikuwa imeliponya goti. Juzi mzee alipata mia moja na ishirini, akaja mbio kumwambia binti yake, uso umemnawiri. Naye binti akamwambia, labda umeruka namba, baba. Mzee asiyewahi kukosea tofali akainama, akarudi langoni kuanza upya.

"Ulimdanganya akiwa mgonjwa," dada mtu aliendelea. "Sasa amepona unataka augue tena."

"Sitaki augue." Sauti ilimtoka ndogo. "Atembee kama zamani tu. Leo peke yake. Achechemee kidogo, mpaka yule bwana aondoke."

Alijisikia akisema hivyo, akatamani sakafu immeze. Nayo sakafu ile, kila kigae, alikipanga baba yake.

Mlango ukasukumwa. Mzee aliingia na shati lililopigwa pasi, viatu vina vumbi la langoni, mkononi hana fimbo.

"Mia moja na kumi na nane," alisema, akihema kidogo. "Nimerudia mara mbili, mwanangu, usije ukasema nimeruka. Nani huyo anayechechemea?"

Dada mtu akazitazama kreti. Kizibo akashika kitambaa, akaanza upya kufuta kaunta.