Mdomo wa Mwalimu Moraa

Enzi zetu, sisi tuliosoma tukiwa ndani ya barakoa (wazee chekeni tu, najua sijafika hata miaka ishirini na mitano), mtu alijulikana kwa macho. Mama alitushonea barakoa kwa mabaki ya kitambaa cha sare, akatuonya, "Ukipoteza hiyo, utaenda shule ukijiziba na kiganja." Na ukila chinsaga, ile mboga yetu chungu, harufu yake ulikaa nayo humo ndani mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Watoto wa siku hizi, wanaopiga chafya mara moja wakaomba ruhusa ya wiki nzima, wasingeweza.

Mwalimu Moraa alikuja wakati huo kwenye shule yetu karibu na Nyamarambe. Alitufundisha muhula mmoja tu, na hatukuwahi kumwona mdomo. Siku moja alisema kila mtu atengeneze kitu cha kuonyesha anavyoishi na barakoa. Wenzangu walichora. Mimi niliokota kipande cha jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchongea vinyago, kwenye mabaki ya wachongaji, nikamchonga yeye: paji, macho, pua. Chini ya pua nikakwama. Darasa zima tulibishana, huyu anasema mwalimu ana mwanya, yule anaapa midomo ni minene. Jiwe ukishalikata halirudi, kwa hiyo nikapapiga msasa tu, pakabaki laini.

Alikigeuza kile kichwa mikononi, akasema, "Ombati, wewe ni fundi. Siku nikitoa hii kitu, utanimalizia."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi. Lakini kabla barakoa hazijavuliwa, alihamishwa. Nilibaki na kichwa chake, na uchongaji nikaufanya kazi kwa sababu ya neno lile.

Leo asubuhi, kwenye kibanda changu hapa Nyakoe, mama mmoja alisimama akanitabasamia, akanisalimu kwa Kigusii. "Bwakire, Ombati."

Jina langu limeandikwa kibandani, kwa hiyo nikamwitikia kama ninavyomwitikia mteja yeyote, nikaanza kumwonyesha mabakuli.

"Kwani umenisahau?" Akajiziba mdomo kwa kiganja. Yale macho! Niliona aibu, nikafurahi, nikataka kulia, yote kwa pamoja. Nikamtolea kichwa chake kutoka chini ya meza.

"Ala! Bado sina mdomo?" akacheka. "Basi nimalizie. Nitapitia jioni nikienda nyumbani."

Nimeshika patasi tangu alipoondoka. Midomo yake ni myembamba, mwanya hana, na meno ya chini yamebanana kidogo. Ni mdomo mzuri, ila ni wa mtu nisiyemjua. Siku zile nilimwona macho tu na niliamini namjua wote. Leo nimemwona uso mzima na nimechanganyikiwa kabisa. Jioni inakaribia, na bado sijui: nikimchongea mdomo huu wa kweli, yule aliyeniita fundi nitamwona wapi tena?