Neno Nililosema Juu ya Hamisa

Hamisa Semboja ni jirani yangu hapa Chanika, Handeni, huu mwaka wa kumi na tisa. Ni Mzigua wa hapahapa, mjane, anakaanga vitumbua na kulima mahindi, na watoto wake wote wana nyumba zao. Mimi ni Mnyamwezi. Baba alikuja kukata mkonge Korogwe, nikazaliwa kambini. Kwa hiyo mimi na Hamisa ni watani, na mtani hasemeshwi kwa adabu. Akipita kwangu huniuliza leo nimebebeshwa mzigo wa nani, maana Wanyamwezi ni wapagazi. Mimi humwambia Wazigua zamani za njaa waliuzana Pangani kwa mtama, wakabaki hawa waliokosa mnunuzi.

Mwaka juzi alisikia kwamba watu wa ustawi wa jamii wanatafuta familia za kulea watoto walioko kwenye makao, maana mtoto anahitaji nyumba na mtu wake. Akaomba. Wakamkagua nyumba, choo, mpaka chandarua. Ndipo akaletewa Salome, wa miaka minne, kutoka makao fulani ya watoto Kilole, Korogwe.

Mtoto huyo alikuwa anaficha ugali. Kila akila, kipande kimoja mfukoni. Hamisa hakumkataza. Alimshonea gauni lenye mfuko mkubwa, akamwambia, "Weka humu, utakula ukitaka." Baada ya miezi mitatu mfuko ulikuwa na kokoto za kuchezea tu. Na kwa kuwa mtoto ni wa Kikristo, kila Jumapili Hamisa alimleta kwangu amevaa viatu, niende naye kanisani.

Basi akaja afisa mgeni wa ustawi kutoka ofisi ya Korogwe, kijana anaitwa Yordani, mtu wa huko Ziwa, kuangalia maendeleo ya mtoto. Akapita kwangu kwanza.

"Shikamoo bibi. Huyu mtoto wa jirani analelewaje?"

"Marahaba. Hujaona mashavu yale? Ananenepeshwa akauzwe Pangani kwa pishi ya mtama. Ndiyo kazi yao hawa."

Hamisa alicheka kule ng'ambo ya ua. Yule kijana hakucheka. Aliandika.

Siku ya tatu walikuja na gari, yeye na mama mmoja wa ofisini, na karatasi. Mtoto arudi Kilole mpaka uchunguzi uishe. Salome hakulia. Aliomba kipande cha ugali, akakitia mfukoni, akapanda.

Hamisa hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Tulikutana bombani, akasema, "Shikamoo, mama Stefania." Miaka kumi na tisa hakuwahi kuniamkia hivyo. Wiki nzima ikawa shikamoo tu.

Watu walinishauri nikamwombe radhi. Sikwenda. Utani hauombewi radhi, na sikusema lolote ambalo halikusemwa na babu zetu. Kosa ni la asiyejua kucheka. Nilisema hivyo mpaka Jumapili. Jumapili nikavaa, nikakaa kizingitini namngoja Salome tuende kanisani, na kengele ilipolia ndipo nikakumbuka. Jumatatu nikapanda basi la asubuhi la Korogwe.

Yordani alinipa kiti. Nikamweleza utani ni nini, nani na nani, tangu lini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, kwetu sisi utani wa namna hiyo sikuujua. Lakini hata ningeujua, ningeandika. Yule mtoto hana mama wa kumsemea. Siku moja mtu akilisema hilo kwa kweli, nami nikacheka, itakuwaje?"

"Basi andika tena," nikamwambia. "Andika habari ya mfuko."

Nikamsimulia mfuko, na viatu vya Jumapili, na Mwislamu anayemfunga mtoto kamba za viatu aende kanisani. Akaandika, akanisomea, kisha akanisogezea wino wa dole gumba. Nikamwambia auondoe. Nikaandika S, nikaandika T, nikaenda hivyo mpaka mwisho wa jina, naye akangoja.

Walimhoji na mwenyekiti wa mtaa, na mwalimu wa chekechea, na Salome mwenyewe, peke yake. Siku ya kumi na moja gari likarudi. Mtoto alishuka na gauni lilelile, mfuko umetuna. Hamisa aliutazama, hakuugusa. Alimpakata mtoto, kisha akanigeukia mbele ya afisa.

"Na wewe mpagazi umesimama bure? Pokea begi la mtoto."

Nikalipokea. "Amekonda," nikasema. "Hivi alivyo, Pangani hupati hata kibaba."

Yordani akatoa daftari.

"Ni utani," nikamwambia.

"Najua, bibi," akasema, na akaandika. Safari hii sikumlaumu.