Nyayo Kavu Barazani

Ulikuwa mwaka ule sukari ilipopotea madukani, Mbagala nzima tukafuturu uji wa tende. Mwezi mzima tende kwenye uji, tende kwenye chai, mpaka watoto wakiiona tende wanageuza uso. Huku kwetu hatusemi mwaka wa ngapi, tunasema mwaka wa uji wa tende, na mtu anaelewa. Basi ndio mwaka huo. Na haya ninayowaeleza si ya kuhadithiwa, si ya shoga yake shoga yangu. Yalinikuta mie, barazani kwangu, taa za watu zimeshawashwa na watoto wanacheza njiani. Asiyeamini asiamini. Umri wangu huu nimdanganye nani, ili nipate nini?

Mie ni bibi. Sio bibi wa kukaa akasubiri kuletewa chai, bibi wa kulea. Binti yangu Zena aliondoka kwenda Ulaya akaniachia mwanawe Nasra ana miaka miwili, ndio kwanza ameachishwa ziwa. Kazi ya Zena huko ni kutunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawavisha soksi. Magoti yangu mie anayaulizia kwa simu. Silalamiki, nasema kama yalivyo.

Na mtoto nimemlea akaleleka. Shule mie niliishia la nne, lakini Nasra ana miaka sita tu alikuwa ameshika sura na dua ambazo watoto wakubwa wa mtaani kwetu wanazitafunatafuna. Nani kamfundisha? Mie, huku namenya vitunguu.

Kila sikukuu Zena alikuwa anakuja. Yaani anakuja kwa maneno. "Idi hii nakuja mama." Inafika Idi, likizo imekataliwa. "Basi Idi kubwa." Inafika, tiketi zimepanda. Miaka minne mtoto anavalishwa gauni jipya, anakaa barazani anatazama njia, jioni anavuliwa. Mmeshawahi kumvua nguo ya sikukuu mtoto ambaye mgeni wake hakuja? Hiyo ndiyo kazi inayochosha. Kufua si kitu.

Mwaka ule akatuma na picha ya tiketi. Angetua Idi mosi asubuhi. Mie sikushangilia, nilishachoka kushangilia. Lakini nikafanya yanayofanywa. Siku ya mwisho ya mfungo nilishinda jikoni, nikaosha mchele, nikatwanga viungo vya pilau, alasiri nikampaka Nasra hina mikono na miguu. Nikamfunga mifuko ya nailoni, nikamkalisha kwenye mkeka sebuleni, nikamwambia asikanyage chini.

"Bibi, nikibanwa na mkojo?"

"Jizuie. Mama yako akukute mwekundu."

Jirani yangu Mama Kulwa akapaza sauti toka ng'ambo ya uchochoro: "Bibi Nasra! Safari hii asipokuja hiyo pilau naila mie na sufuria yake!"

"Njoo na meno yako," nikamjibu, "ya kuazima sitoi."

Tukacheka. Ilikuwa siku ya kucheka bado.

Adhana ya magharibi ikalia, nikafuturu, nikaswali. Watoto walikuwa wamejaa njiani wanatafuta mwezi. Nilikuwa sijakunja hata mswala, nikasikia, "Hodi, mama."

Sauti ya Zena. Si ya kufanana nayo, ya Zena. Nilisimama bila kushika ukuta, na wanaonijua wanajua mie nasimamaje. Nikafungua pazia la mlango. Amesimama barazani na baibui jeusi, sanduku la magurudumu ubavuni, na lile kovu lake la kidevuni alilolipata utotoni alipoanguka kwenye ukingo wa kisima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Si ulisema kesho?"

"Nimepata ndege ya mapema."

"Ingia basi, mbona umesimama kama mdai?"

"Siingii mama. Gari inanisubiri. Nitolee mtoto nimwone."

Gari! Uchochoro wetu hata bajaji ikiingia inatoka kinyumenyume. Akasema gari iko barabarani. Nikamwambia mtoto ana hina miguuni, hakanyagi.

"Basi mbebe. Mtoe tu mama, gari inanisubiri."

Sasa niwaambie ukweli, maana hadithi ya kujisifu peke yake haina maana. Nilikwenda. Nilimwinua Nasra kwenye mkeka, akanining'inia shingoni na mifuko yake mikononi, nikapiga hatua kama tatu kuelekea mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu nilichoka. Miaka minne nangoja mtu mmoja, na huyo kafika, mnataka nimuulize nini?

Kilichonisimamisha si ujanja wangu. Ni mazoea. Kwa wazee wetu sie, mtu wa safari hashiki mtoto. Amepita mahali na mahali, hajui alichokanyaga wala kilichomfuata. Kwanza anaingia ndani, ananawa miguu, anakunywa maji, anakaa mpaka jasho la njia likauke. Ndipo anapewa mtoto. Baba yangu alikuwa akitoka kuuza nazi, siku mbili tu hayupo, mama anamngojea na kopo la maji mlangoni. Kwa hiyo mie nilipofika katikati ya sebule nikajisemea, hajanawa huyu. Hivyo tu. Sikuwa na shaka yoyote. Nikamrudisha mtoto mkekani, nikachota maji pipani.

"Kama huingii, nyoosha mguu hapohapo," nikamwambia. Akasita. Nikafikiri uzungu umemwingia. Nikainama na magoti yangu haya, nikamwaga.

Jamani. Maji yalifika kwenye miguu yake yakagawanyika, mfano wa watu wanavyopisha jeneza. Yakapita kushoto, yakapita kulia, yakakutana nyuma ya visigino. Saruji yote ikalowa. Miguu mikavu. Vumbi lililokuwa kwenye vidole vyake likabaki palepale, hata chembe haikuhama. Nikasema labda macho yangu. Nikamwaga tena. Nikamwaga mpaka kopo likaisha.

Nikainua uso. Mnangoja niseme macho yalikuwa ya moto, au miguu ikageuka kwato? Hapana. Yalikuwa macho ya mwanangu, na yalikuwa yamechoka. Yamechoka kama anavyochoka Zena kwenye simu akitoka zamu, akiongea huku kichwa kimeegemea ukuta. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kwato.

"Mama," akasema, "nimetoka mbali. Mtoe tu."

Nikasimama katikati ya mlango, mkono huku na mkono huku. Nikamwambia:

"Mtoto simtoi. Anayemtaka ataingia, atanawa, atakaa."

"Mama, hunitaki?"

Hilo neno liliniingia. Mpaka leo likinijia usingizi unakatika. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, nayo nimeisoma tangu sijui kufunga kanga. Nikafika katikati, ikakwama. Neno linalofuata halipo, limefutika. Nimesimama mdomo wazi, na yule mbele yangu anangoja. Basi nikasikia kasauti toka mkekani nyuma yangu, Nasra ameipokea palepale nilipokwama, anaisoma taratibu kama anavyonisomea jikoni, wala hajui anamsomea nani. Akaifikisha mwisho.

Njiani watoto wakapiga kelele, "Mwezi! Mwezi ule!" Nikageuza jicho, kufumba na kufumbua. Niliporudisha, baraza tupu. Hakuna mtu wala sanduku. Kwenye saruji iliyolowa zimebaki nyayo mbili kavu, vidole vinahesabika.

Mama Kulwa akaja anapangusa mikono. "Bibi Nasra, unafoka na nani siku ya mwezi?" Nikamweleza. Akaangua kicheko. "Wewe nawe! Ramadhani mashetani si wamefungwa minyororo?"

"Mwezi si umeandama sasa hivi? Basi huyo ndiye wa kwanza kufunguliwa."

Akacheka tena, akatazama chini. Akaziona. Kicheko kikamkauka, akatoka kwa mlango wangu wa uani, hakukanyaga baraza mpaka kesho yake.

Zena wa kweli alifika Idi mosi, adhuhuri, kwa bajaji, amevimba miguu kwa kukaa kwenye ndege. Nikampokea na kopo mlangoni. Maji yakamlowesha mpaka pindo la gauni. Nikalia. Yeye alidhani nalia kwa furaha, na kweli furaha ilikuwemo. Akaingia, akanywa maji, akakaa. Nikamkabidhi mwanawe, mwekundu kama nilivyotaka.

Siku ya tatu nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatisha. Kisha akasema, "Mama, hiyo ndiyo njia yako ya kuniambia hunipi mtoto wangu?"

Sikumwelewa. Kumbe alikuwa amekuja na habari yake: anashughulikia vibali vya kumchukua Nasra akaishi naye huko. Wallahi nilikuwa sijui. Niliposimama mlangoni sikuwa nimesikia habari ya kibali wala ya ndege ya mtoto. Lakini nani ataniamini? Ukiwa bibi na mtoto analala kifuani kwako, ukasema kuna jini anamtaka, kila mtu anaona jini ni wewe. Zena hakugomba. Likizo yake ya wiki mbili ikaisha, akaondoka, Nasra amemshikilia mkanda wa mkoba mpaka vidole vikabanduliwa kimoja kimoja. Na aliyevibandua ni mie.

Tangu hapo nyumba yangu haijawa ileile. Zile nyayo zipo. Nikipiga deki baraza, maji yanazizunguka. Fundi amesakafia upya mara mbili, saruji ikikauka na kupigwa deki zinarudi. Na Nasra, mama yake akipiga simu ya picha, kabla ya shikamoo anauliza, "Mama, miguu yako imelowa?" Zena anaelekeza simu chini ya bomba, anajimwagia, mtoto anaona, ndipo wanaongea. Mwanzo Zena alikuwa anacheka. Siku hizi anajimwagia kimya.

Idi iliyofuata vibali vikawa tayari, na likizo ikakataliwa. Zena akaniambia kuna dada anafanya naye kazi, amekuja nyumbani likizo, anarudi, ndiye atakayempitia Nasra asafiri naye. Nikamwambia njoo mwenyewe. Akasema, "Mama, mie sina mwenyewe wa kuja. Nikiondoka kazini nakuta nafasi yangu ina mtu."

Yule dada akaja, alasiri, jua kali. Mtu mwenye adabu, shikamoo yake imenyooka. Ana bahasha ya vibali, na mkononi ana simu, Zena yumo ndani yake anatutazama. Nilimmwagia maji. Miguu ililowa, viatu vikalowa, akanipa na asante. Binadamu kamili, na mie nasema hivyo mbele ya yeyote. Nikamkaribisha ndani.

"Siwezi kukaa bibi, ndege ni jioni hii. Mtoe tu, gari inatusubiri."

Mmeyasikia hayo maneno? Nikamtazama Zena kwenye simu. Kichwa kimeegemea ukuta, macho yamechoka. "Mama," akasema, "mtoe tu."

Na Nasra yuko nyuma yangu, amevaa viatu, begi mgongoni. Hakunisukuma, hakunivuta. Alikuwa anapumua tu kwenye kanga yangu.

Najua mnayosema. Mama Kulwa anayasema, na zile nyayo kaziona. Kwamba nimemdhulumu mwanangu, kwamba ndege iliruka na kiti cha mtoto kitupu, kwamba Nasra angekuwa na mama yake leo. Zena hakunipigia miezi mitatu. Sasa anapiga, lakini anaongea na mtoto, mie ananisalimia kama mtu anavyomsalimia mpangaji mwenzake. Pengine nilikosea. Nimechoka kujitetea.

Ninachojua nawaachia. Nyie mlio nje, mnaosema Idi hii nakuja, njooni kwa miguu yenu, mkae hata siku tatu. Msitume sauti, msitume gari, maana wapo wengine wanaozijua sauti zenu na hawachelewi ndege. Na nyie bibi wenzangu mnaolea, msiache pipa likauke, na akisimama mtu mlangoni kwa haraka, hata awe na sura uliyoizaa mwenyewe, mmwagieni kwanza.

Na ikiwa Zena anasomewa haya, ajue mlango sijaufunga, pazia ni lilelile. Siku ile nilimjibu yule dada, nikamjibu na yeye ndani ya simu, kwa sababu sikuwa na maneno mengine na bado sina:

"Mtoto simtoi. Anayemtaka ataingia, atanawa, atakaa."