Tolumau Wawili Katika Faili Moja

Watu wa upande ule wa kisiwa cha Savaii walizoea kujua zamu yao imefika kwa sauti ya Salilo. Ubao wa namba ulining'inia ukutani, lakini hakuna aliyeutazama. Salilo alisimama mlangoni mwa chumba cha sindano, akashika fremu kwa mkono mmoja, akaita jina. Na jina aliloliita lilikuwa jina sahihi la mtu huyo kwa wiki hiyo. Mtu akitawazwa Jumamosi kuwa matai, yaani mkuu wa ukoo wake, akanywa kikombe cha kava, kinywaji cha kutawazia, na kuvikwa jina la ukoo, Jumatatu Salilo alimwita kwa jina hilo jipya mbele ya watu wote. Habari hizo alizipata kanisani, redioni na kwenye basi. Kwake hilo lilikuwa sehemu ya uuguzi, sawa na kunawa mikono kabla ya kugusa kidonda.

Alizaliwa katika nyumba iliyotazamana na hospitali hiyo hiyo ya wilaya, akasomea uuguzi mjini Apia katika kisiwa cha pili, akarudi, akaolewa, akafiwa na mume, na tangu aliporudi hakuhama chumba chake cha sindano. Magoti yaliharibika kwanza. Ilipofika kompyuta, kilichobaki kikaanza kuchoka pia. Si kwamba aliichukia. Alikiri kwamba dawa hazikuandikwa tena kwa mwandiko usiosomeka, na kwamba vipimo vya Apia vilifika kabla mgonjwa hajasahau aliumwa nini. Lakini kila alipokwenda kunawa mikono, mashine ilimfungia, akarudi kuandika upya neno la siri kwa vidole vyenye maji. Mvua ikinyesha, mtandao ulizubaa, naye akakaa akitazama kile kiduara kikizunguka huku mgonjwa akimtazama yeye. Koko yake ya asubuhi, kakao ya kuchemsha, aliinywa imepoa, na ngozi imetanda juu.

Mafaili yalipohamishwa kutoka kwenye kadi kwenda kwenye mfumo, walikuja vijana wepesi wa vidole, wakaandika jina walilolikuta juu ya kadi. Mzee asiyejua siku aliyozaliwa alipewa tarehe mosi Januari ya mwaka wa kukisia. Kazi ilikwisha, kadi zikapelekwa stoo nyuma ya jiko, na vijana wakaondoka na feri.

Mwaka uliofuata Salilo alipelekwa Apia kutibiwa magoti, akakaa huko miezi. Aliporudi, mtu wa kwanza aliyemshtua alikuwa Tolumau.

Huyu Tolumau alikuwa seremala wa kuezeka nyumba, mwanamume mpana ambaye bado hakuwa na mvi hata moja. Alitawazwa Salilo akiwa Apia; kabla ya hapo aliitwa Penitoa. Salilo alimpokea akiwa mtoto, amebebwa mgongoni na bibi yake, viungo vimevimba kwa homa ya baridi yabisi, nayo homa ilikuwa imekwisha kuuma valvu ya moyo. Tangu hapo, kila mwezi, alichomwa sindano ya penisilini ili homa isirudi kumalizia kazi. Dawa ile ni nzito na inauma vibaya. Salilo alikipasha moto kichupa chake katika kiganja kabla ya kuivuta, akamwambia mtoto asukume vidole vya miguu dhidi ya ukuta. Mtoto akawa kijana, kijana akaoa, ukuta ukabaki na alama.

Asubuhi hiyo alipanda ngazi chache za hospitali akasimama katikati kupumzika. Salilo aliliona hilo kutoka mlangoni.

"Mheshimiwa Tolumau," aliita.

Aliingia, akakaa, akavuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia. Miguu ilivimba juu ya kandambili. Salilo aliweka kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mvumo wa moyo aliouzoea ulikuwa umekuwa mkali. Kisha akafungua faili. Juu kabisa palikuwa na mstari mwekundu.

"Mheshimiwa, kisukari umekianza lini?"

"Mimi? Kitoke wapi, Mama?"

"Hapa unacho. Na presha. Na penisilini inakuua."

Tolumau alicheka, kikohozi kikakata kicheko. "Wewe mwenyewe ndiye unayenichoma hiyo penisilini tangu sijaota ndevu."

"Nami sikuwepo. Walikupa nini?"

"Vidonge. Walisema kompyuta imekataza sindano. Nikasema, kama imekataza, mimi nani nibishane nayo? Nyama yenyewe inauma wiki nzima."

"Ukavimeza?"

"Mwanzoni. Baadaye vilinichafua tumbo."

"Na hukuwaambia kwamba hujawahi kudhurika na penisilini?"

Aliangalia mlango, ulikuwa wazi. "Niliwaambia. Wakasema faili la Tolumau linasema amedhurika. Sasa Mama, nikatae? Niseme mimi si Tolumau?"

Hapo Salilo alielewa. Alimwita Moelagi, karani wa mapokezi, msichana aliyevaa ua sikioni na mwenye adabu nyingi.

"Alikuja akaniambia jina lake ni Tolumau," alieleza Moelagi. "Nikatafuta, akatoka mmoja tu. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya kizee, mosi Januari. Nikajua ni zile za kubuni. Nikamrekebishia."

"Umemrekebishia marehemu."

"Marehemu yupi, Sista?"

"Mjomba wake. Umemrudishia ujana."

Moelagi akafunika mdomo. Salilo hakuwa na nguvu za kumkaripia, wala hakuona haki ya kufanya hivyo. Ni yeye aliyemfundisha msichana huyo, siku yake ya kwanza, kwamba hapa mtu mwenye jina la ukoo haulizwi jina lake la zamani, kwa kuwa ni kumvua nguo hadharani. Mzee Tolumau, mwenye kisukari na presha, yule aliyewahi kuvimba koo kwa penisilini, alikufia kwa binti yake Auckland na kuzikwa huko. Hakuna aliyeiambia mashine. Kwa hiyo jina liliporithiwa, magonjwa yalirithiwa pamoja nalo.

Salilo akampigia simu daktari aliyekuwa zamu katika hospitali kubwa ya Apia, akamweleza. Daktari hakubisha. "Sista, nakuamini, lakini siwezi kuidhinisha sindano juu ya alama nyekundu. Tangaza kifo cha mzee, faili lake lifungwe. Fufua faili la kijana. Nikiliona, naidhinisha hapo hapo. Na kwa mvumo huo unaoniambia, asikose tena hata mara moja. Apande feri aje apimwe moyo."

Salilo alifungua ukurasa wa vifo. Ulitaka jina la ndugu anayetoa taarifa, na ndugu huyo ni mkuu wa ukoo. Akaandika: Tolumau. Mashine ikakataa.

"Inasemaje?" aliuliza mgonjwa.

Moelagi alisoma akichungulia juu ya bega la Salilo. "Inasema marehemu hawezi kutoa taarifa ya kifo chake."

Kisha Tolumau akasema, "Hapo imesema kweli," wakacheka, yeye kwa uangalifu, akishika kifua.

"Inataka jina lililo katika faili lako la zamani," alisema Salilo. "Ulitaje kwa kinywa chako, utie sahihi, ndipo nimwunganishe mwenye jina hilo na mwenye hili."

Kicheko kikaisha. "Hapana."

"Mheshimiwa."

"Hapana, Mama. Umemwona Folole pale nje?"

Salilo alimwona. Folole alikaa benchi la mbele, akijipepea kwa kipepeo cha makuti. Kaka yake, aliyeishi Auckland, alidai jina la Tolumau ni lake, na shauri lilikuwa katika mahakama ya ardhi na vyeo. Folole alikuwa masikio ya kaka yake kisiwani.

"Wanatafuta karatasi moja tu," alisema Tolumau. "Karatasi ambayo mimi mwenyewe, baada ya kikombe, nimetia sahihi jina lile la utotoni. Wataiinua mahakamani: tazameni, hata yeye hajiiti Tolumau. Ukoo mzima ulikaa kunichagua. Bibi yangu aliuza mikeka yake kugharimia sherehe. Niandikie vidonge."

"Vidonge hukumeza."

"Nitameza."

"Tangu utotoni nakufahamu. Hutameza." Salilo alisema bila ukali, jinsi mtu anavyosema mvua itanyesha. Magoti yalimwuma. Angeweza kuliandika jina mwenyewe na kuchora sahihi. Msichana asingesema neno. Lakini mtu huyu angejua, na mwezi ujao asingepanda ngazi zile. Alisimama, akafunga mlango, jambo ambalo kwa joto la chumba kile hakulifanya kamwe.

"Nieleze kitu kimoja. Siku mjomba wako alipokufa, simu ya Auckland ilipigwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Ulikuwa wapi?"

"Juu ya paa la mchungaji. Napigilia bati. Simu ikalia mfukoni, nikafikiri ni misumari wanaulizia."

"Mzee amekwisha kukata roho. Ukoo haujakaa. Kikombe hakijamiminwa. Saa hiyo, duniani, Tolumau alikuwa nani?"

Aliwaza. "Hakuwepo. Jina lilikuwa limelala."

"Basi karatasi hii haimuulizi mtu aliyeketi hapa. Inauliza nani alipokea habari siku ile, jina likiwa limelala. Tarehe yake ni ya siku ile. Wakiinua mahakamani, watakuwa wameinua ushahidi kwamba ukoo ulipofiwa, simu ilipigwa kwako wala si kwa kaka yake Folole, aliyekuwa mji ule ule na maiti."

Moelagi alishusha macho kwenye kibodi. Nje, kipepeo cha Folole kilisikika kikigonga benchi.

"Aliyekuwa juu ya paa aliitwa nani?" aliuliza Salilo.

Tolumau alisugua kidole gumba kilichowahi kupigwa na nyundo.

"Penitoa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la ndugu aliye mbali.

Moelagi akaandika. Tolumau akatia sahihi. Kiduara kikazunguka, kikazubaa, kikazunguka, na mzee akafa rasmi. Faili la Penitoa likafunguka, sindano zake zote zimepangwa mwezi kwa mwezi hadi pale Salilo alipopanda feri kwenda kutibiwa magoti. Katika nafasi ya jina la sasa, Moelagi akaandika Tolumau. Daktari akaidhinisha.

Salilo alikitia kichupa kiganjani, akakifumba. Alichoka kiasi kwamba alihisi dawa ndiyo inayompasha yeye moto. "Geuka," alisema. "Sukuma vidole ukutani."

"Mimi ni mkuu wa ukoo, Mama."

"Vidole vya mkuu wa ukoo, basi."

Alisukuma. Hakulalamika, ila alitoa sauti ndogo ambayo Salilo aliitambua kuwa ya yule mtoto. Baadaye, Tolumau alipokuwa akijifunga lavalava, shuka lake la kiunoni, Salilo alimwambia ukweli wote: kwamba valvu inaelekea imebana zaidi katika miezi hiyo, na sindano ya leo haitarudisha kilichokwenda, inalinda kilichobaki. Apande feri ya Alhamisi.

"Kuezeka je?"

"Tusubiri kipimo."

Aliitikia kwa kuinua nyusi, akatazama mikono yake.

Salilo alifungua mlango akamtangulia hadi ukumbini. "Njia njema, Mheshimiwa Tolumau," alisema, kwa sauti yake ya zamani iliyofika hadi kwenye ngazi.

Folole alishusha kipepeo. "Mheshimiwa anachechemea. Kimempata nini?"

"Sindano," alijibu Tolumau. "Ingekupata wewe ungelia." Ukumbi ukacheka, Folole naye kidogo, maana naye aliwahi kuchomwa na Salilo.

Ndani, mashine ilikuwa imejifunga. Koko ilikuwa na ngozi. Salilo aliinywa hivyo hivyo amesimama, kwa kuwa akikaa angepata taabu kuinuka, akaandika neno la siri, akatazama jina lililofuata. Lilikuwa jina la ukoo. Alimkumbuka aliyelivaa kabla, na aliyelivaa kabla ya huyo.

Akaliita kwa heshima zake zote. Mgonjwa alipoingia, Salilo akaenda kwanza kufunga mlango, kabla ya kumwuliza jina lake la zamani.