Picha Yenye Ukungu

Juzi, katika zahanati mpya ya binafsi huko Mkuyuni, alikuwapo mzee kutoka Bujora aliyeshukiwa kuwa na saratani ya tezi dume. Aliagizwa aje na kibofu kilichojaa ili picha ya ultrasound ionekane vizuri. Lakini kumwendea mpimaji, binti wa watu, akiwa amebanwa na haja ndogo aliona ni utovu wa adabu, akajisaidia kwanza. Picha ikatoka ukungu mtupu.

"Andika tu hana kitu, dada, basi linatuacha," mwanawe alisihi.

"Sijaona kitu, kaka. Siwezi kuandika hakuna."

Mzee akacheka. "Mwanangu, ng'ombe niliowahesabu kwenye ukungu huwahesabu tena jua likitoka. Nileteeni maji."

Basi likaondoka mzee akiwa kwenye kikombe cha tatu. Mimi, nakiri, ningelipanda basi hilo.